Seli za NK: je, kinga tuliyozaliwa nayo inaweza kukumbuka?



Nimeahidi mara nyingi kuandika juu ya hizi seli zinazoitwa NK, nikawa naahirisha kila mara kwa sababu ya kazi. Safari hii sina kisingizio, maana katika miezi michache nimeulizwa maswali matatu na watu watatu wasiojuana, katika miji mitatu, na majibu yote yanapita mlango mmoja. Dada mmoja wa Louisville, mwenyeji wa Uvira, ananiuliza kama anunue vidonge "vya kuamsha seli za NK" kwa ajili ya mama yake mwenye saratani. Chupa moja bei yake inalisha nyumba wiki nzima. Hapa Columbus rafiki yangu ambaye mtoto wake ana saratani ya damu ameambiwa kwamba yeye baba anaweza kutoa uboho ingawa analingana na mtoto nusu tu, na eti huko kutolingana kwenyewe kunaweza kuwa faida. Na mzee wetu mmoja wa Buffalo, mtu wa Bukavu, mwenye saratani ya kibofu cha mkojo, kanipigia simu akicheka na kuogopa kwa pamoja: "Mwana, hawa banganga banataka kunitia chanjo ya batoto ndani ya kibofu. Ni mchezo gani huu?"

Si mchezo. Mimi ni mtu wa maabara, si tabibu, kwa hiyo sitamwambia mtu atumie nini au aache nini. Nitaeleza sayansi ilivyo na mahali inapoishia, na kila mmoja azungumze na daktari wake.

Tuanze na seli zenyewe. NK ni kifupisho cha jina la Kiingereza lenye maana ya "muuaji wa asili". Ni aina ya chembechembe nyeupe za damu, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama asilimia 5 hadi 15 ya limfosaiti zinazozunguka kwenye damu. Ziligunduliwa mwaka 1975 na makundi mawili yaliyokuwa yakifanya kazi mbalimbali: Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell kule Stockholm, na Ronald Herberman na wenzake hapa Marekani. Wote walikuwa wanatafuta kitu kingine. Walitaka kuonyesha kwamba panya aliyepewa chanjo dhidi ya saratani anapata seli za kuua saratani hiyo. Kilichowakera ni kwamba hata panya ambaye hakupewa chochote, aliyewekwa pale kwa ajili ya kulinganishia tu, naye seli zake zilikuwa zinaua. Baadhi ya watafiti waliona hiyo ni takataka ya majaribio, usumbufu wa kusafishwa. Hawa wa Stockholm waliamua kuuchunguza huo usumbufu wenyewe, na jina "asili" limetoka hapo: seli inaua bila kufundwa.

Sasa inamjuaje wa kumuua? Hapa pana jambo zuri sana, na mimi binafsi naliona kuwa moja ya mawazo bora ya elimu ya kinga. Karibu kila seli ya mwili wako inabeba juu ya ngozi yake protini za jamii ya HLA, na juu ya protini hizo inatandaza vipande vya vitu vilivyomo ndani yake, kama mchuuzi anavyotandaza bidhaa barazani. Seli T hupita zikikagua bidhaa hizo. Zikiona kipande cha virusi, zinaua. Virusi kadhaa, na saratani nyingi pia, zimejifunza kukwepa ukaguzi huo kwa njia rahisi: zinaondoa HLA. Hakuna baraza, hakuna bidhaa, seli T inapita bila kuona kitu.

Klas Kärre, naye wa Stockholm, alijiuliza: itakuwaje kama seli za NK zinatazama kinyume? Yaani badala ya kutafuta alama ya adui, zinatafuta alama ya mwenyeji, na zikiikosa zinashambulia. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitoa ushahidi kwamba seli za saratani zilizopoteza protini hizo ndizo zinazokataliwa na NK, na zile zilizobaki nazo zinapona. Wale waliokulia Tanzania wafikirie polisi na balozi wa nyumba kumi. Polisi anatembea na picha ya mhalifu anayetafutwa. Balozi hana picha ya mtu yeyote, lakini anajua kila mwenye haki ya kulala mtaani kwake anapaswa kuwa na utambulisho gani, na asiye nao anahojiwa. Mhalifu aliyejificha sura yake isilingane na picha amemponyoka polisi, ila amejipeleka mwenyewe kwa balozi.

Mfano huu una kasoro yake, kama mifano yote. NK haiamui kwa alama moja. Ina vipokezi vya kuizuia na vipokezi vya kuichochea, na uamuzi wake ni mizani kati ya pande mbili. Ikishaamua, inajibana kwenye seli lengwa na kumwaga protini mbili: pefolini, inayotoboa, na granzaimu, inayopenya na kuiamuru seli ijiue. Papo hapo inatoa pia intaferoni-gama, ambayo ni kama mbiu ya kuziita seli nyingine kazini. Faida ya haya yote inaonekana kwa asiye nayo. Mwaka 1989 ilichapishwa habari ya binti wa miaka 13 ambaye hakuwa na seli za NK kabisa. Seli zake nyingine za kinga zilikuwepo. Lakini tetekuwanga na virusi vingine vya jamii hiyo hiyo, ambavyo kwa watoto wengi hupita kwa homa na vipele, kwake vilikuwa ugonjwa wa kutishia maisha.

Hadi hapo kila mtu alikuwa anakubaliana. Ugomvi ulikuja kwenye kumbukumbu.

Vitabu tulivyosoma, na nadhani hata mnaofundisha leo mnaanza hivyo, viligawa kinga mafungu mawili. Kuna kinga ya kuzaliwa nayo: inakimbia haraka, inapiga bila kuchagua sana, na haikumbuki. Na kuna kinga ya kujifunza, ya seli T na seli B: inachelewa siku kadhaa, lakini inamlenga adui mmoja na haimsahau. Ukiugua surua mara moja, huugui tena. Chanjo zote zimejengwa juu ya jambo hilo. Sababu ya mgawanyo huo si ya kubuni. Seli T na B hukata na kupanga upya jeni za vipokezi vyake, kila seli ikapata kipokezi chake ambacho pengine hakuna seli nyingine mwilini iliyonacho. NK haifanyi hivyo. Vipokezi vyake ni vile vile ulivyorithi kwa wazazi. Kwa hiyo ilionekana ni upuuzi hata kuuliza kama NK inakumbuka. Ikumbuke nini, wakati haina mahali pa kuandika?

Mwaka 2006, kundi la Ulrich von Andrian kule Boston lilichukua panya wasio na seli T wala B, likawapaka ngozini kemikali inayowasha, likasubiri, likawapaka tena. Ngozi ilivimba kwa nguvu ya mtu aliyekwisha kukutana na kitu hicho, na kumbukumbu hiyo ilidumu wiki nne au zaidi. Ilionekana inabebwa na NK za kwenye ini. Wengi hawakuamini, na hata leo kati ya aina za kumbukumbu zinazodaiwa kwa NK hii ndiyo ninayoishikia kwa mkono legelege, maana hatujapata maelezo ya kuridhisha ya jinsi seli inavyotofautisha kemikali moja na nyingine kwa vipokezi vichache vya kurithi.

Ushahidi uliowanyamazisha wengi ulikuja mwaka 2009, kutoka kwa Joseph Sun na Lewis Lanier wa San Francisco. Wao walitumia virusi, sitomegalovirusi ya panya. Baadhi ya NK za panya zina kipokezi ambacho kwa bahati kinashika protini ya virusi hivyo moja kwa moja. Panya alipoambukizwa, NK zenye kipokezi hicho zilizaana mara 100 katika bandama na mara 1,000 katika ini. Kisha zikapungua, kama seli T zinavyopungua vita vikiisha, lakini hazikuisha. Zilizobaki zilikaa miezi. Zilipohamishiwa kwa panya mwingine na virusi kuletwa, ziliitika upesi, zikazaana tena na kumkinga mwenyeji wao mpya. Huwezi kuiita hiyo kitu kingine ila kumbukumbu. Ni kumbukumbu finyu, kwa sababu inategemea kipokezi kilichokuwepo tayari. Haijifunzi adui asiyewahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi. Lakini ipo.

Mwaka huo huo wa 2009 kulikuwa na utafiti mwingine, na huu una ukoo ambao ningependa wenzangu wa Buffalo na Columbus waujue, kwa sababu tunapita nje ya majengo hayo kila siku tukienda kazini bila kujua yaliyofanyika ndani.

Roswell Park, hospitali ya saratani ya Buffalo, ilianza mwaka 1898, na ni miongoni mwa taasisi za kwanza duniani kuwekwa kwa ajili ya saratani peke yake. Miaka ya 1990 alikuwapo pale daktari mmoja mtoto wa Buffalo, Michael Caligiuri. Mwaka 1994 yeye, William Carson na wenzao walionyesha kwamba saitokini iliyokuwa mpya kabisa wakati huo, intalukini-15, inaziamsha NK za binadamu. Saitokini, kwa wasio wa fani hii, ni protini ndogo ambazo seli hutumiana kama ujumbe. Baadaye ilithibitika kwamba bila intalukini-15 NK haziwezi hata kukua wala kuishi. Mwaka 1997 Caligiuri alihamia Ohio State hapa Columbus, Carson naye akaja, na kwa miaka ishirini hivi mji huu ukawa mmoja wa vituo vikubwa vya elimu ya NK za binadamu. Yeye mwenyewe aliondoka kwenda California kuongoza City of Hope.

Kilichotoka Columbus ni kingi, nitataja kiasi. Walichunguza kwa kina makundi mawili ya NK za binadamu yanayotofautiana kwa wingi wa alama iitwayo CD56. Kama tisa kati ya kumi kwenye damu zina alama hiyo kidogo, na hizi ndizo wauaji hodari; zilizobaki zinayo kwa wingi, na kazi yake zaidi ni kutoa saitokini. Wakaonyesha pia kwamba NK hupevuka ndani ya matezi na mafindofindo, si katika uboho peke yake kama ilivyodhaniwa. Mafindofindo yaliyokatwa kwa watoto, ambayo hospitali ingeyatupa, yakawa hazina ya utafiti.

Sasa, kati ya wanafunzi waliosomea kwenye maabara hiyo walikuwamo Megan Cooper na Todd Fehniger. Wote wawili walikwenda St. Louis. Mwaka 2009 Cooper, akiwa na Wayne Yokoyama, alichukua NK za panya, akaziloweka kwa saa chache katika mchanganyiko wa saitokini tatu, intalukini-12, 15 na 18, kisha akazirudisha mwilini. Wiki moja hadi tatu baadaye seli hizo zilikuwa zimetulia, kwa kuzitazama huwezi kuzitofautisha na nyingine. Lakini zilipochokozwa tena zilitoa intaferoni-gama nyingi kuliko NK za kawaida, na hata seli zilizozaliwa nazo zilirithi tabia hiyo. Hapa hapakuwa na virusi wala adui yeyote. Seli ilikumbuka msisimko, si sura ya mtu. Ndiyo maana watafiti wengi wanasema "mfano wa kumbukumbu", wanakwepa kuiita kumbukumbu kamili, na nadhani wako sahihi kuwa waangalifu.

Fehniger na wenzake wakaipeleka hospitali. Mwaka 2016 walitoa matokeo ya wagonjwa wa saratani kali ya damu ya aina ya mailoidi ambayo tiba za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Walipewa NK za ndugu zao zilizokwisha kulowekwa hivyo. Kati ya wagonjwa tisa walioweza kupimwa, watano waliitika, wanne kati yao ugonjwa ukatoweka machoni pa vipimo. Tisa ni wachache, na mtu asije akaniambia saratani imepata dawa. Lakini ni wagonjwa ambao hawakuwa na kingine.

Hapo nimefika kwa rafiki yangu wa Columbus. Mtoto hurithi nusu ya HLA kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo mzazi kila mara analingana na mwanawe nusu. Zamani hilo lilikuwa tatizo tupu. Mwaka 2002 kundi la Andrea Velardi la Perugia, Italia, lilionyesha kitu kilichogeuza fikra: kwa saratani ya mailoidi, ikiwa seli za mgonjwa hazina aina ya HLA ambayo NK za mtoaji zimezoea kuiona, NK hizo zinaziona seli za saratani kama wasio na utambulisho, zinaziua, na hatari ya ugonjwa kurudi ikapungua sana. Ni balozi yule yule, ila amehamishiwa mtaa mwingine. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, maana namna ya kuandaa uboho na dawa zinazotumiwa hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na aina ya saratani nayo ina neno lake. Kwa hiyo "kunaweza kusaidia" aliyoambiwa baba huyu ni kauli sahihi, na neno la kuzingatia ni "kunaweza". Pale pale Columbus, katika hospitali ya watoto ya Nationwide, yupo Dean Lee, aliyebuni njia ya kuzizalisha NK kwa wingi mkubwa nje ya mwili ili mgonjwa apewe za kutosha.

Kwa sisi Waafrika jambo la nusu mlingano lina uzito ambao Mzungu hauoni. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 juu ya daftari la watoaji la Marekani ilionyesha kwamba Mzungu mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 75 ya kumpata mtoaji anayelingana naye kikamilifu. Kwa watu weusi wa makundi yote ni kati ya asilimia 16 na 19. Sababu ni mbili: HLA zetu zina aina nyingi zaidi, maana Afrika ndipo binadamu walipokaa muda mrefu kuliko mahali popote, na sisi wenyewe tuliojiandikisha kutoa ni wachache. Kujiandikisha ni kupangusa shavu kwa kijiti cha pamba tu. Nimewaona watu wa Moshi na watu wa Mogadishu wakikimbia meza hiyo kwenye sherehe kana kwamba wameitiwa kodi.

Nirudi Louisville, kwa vidonge. Hapa inabidi niende taratibu kwa sababu wauzaji wameshika kipande cha ukweli, na kipande hicho kimetoka Louisville kwenyewe.

Hamira, hii hii ya maandazi, ina katika ukuta wa seli zake sukari ndefu iitwayo beta-glukani. Uyoga nao unayo ya jamii hiyo. Mwaka 1996 Václav Větvička, Brian Thornton na Gordon Ross wa Chuo Kikuu cha Louisville walionyesha kwamba beta-glukani ikijishika kwenye kipokezi fulani cha NK, inakiweka kipokezi katika hali ya utayari, seli ikaweza kuua shabaha ambazo awali ingezipita, mradi shabaha hizo ziwe zimekwisha kupakwa protini nyingine za kinga. Miaka iliyofuata Jun Yan, wa chuo hicho hicho, aliendelea na njia hiyo. Mwaka 2022 na 2023 kundi lake lilionyesha kwa panya kwamba beta-glukani ya hamira inaweza "kufunza" seli za kinga ya kuzaliwa nayo, hasa makrofaji, zile seli zinazomeza, na panya waliotibiwa hivyo walizuia vizuri zaidi saratani ya kongosho katika utafiti mmoja, na kusambaa kwa saratani hadi mapafuni katika mwingine.

Muuzaji anachukua sentensi hiyo na kuibandika kwenye chupa. Anachoacha ni haya: walikuwa panya, dawa ilidungwa tumboni, haikumezwa na uji, ilikuwa imesafishwa na kupimwa, wakati unga wa dukani huwezi kujua umebeba nini na kiasi gani, na sheria ya Marekani inaruhusu virutubisho kuuzwa bila muuzaji kuthibitisha kwanza kwamba vinatibu kitu. Kuna jingine ambalo linanisumbua zaidi. Kinga iliyochochewa si lazima iwe jema. Mgonjwa aliyepandikizwa uboho, au mwenye ugonjwa ambao kinga inamshambulia mwenyewe, anaweza kuumia kwa kitu kinachoamsha kinga kweli. Na kama hakiamshi, basi amenunua hamira kwa bei ya dhahabu. Dada yangu wa Uvira nilimwambia aipeleke chupa kwa mfamasia wa hospitali kabla mama hajameza hata kidonge kimoja, akaipeleka.

Mzee wa Buffalo ndiye mwenye bahati kuliko wote katika habari hii, maana alichoambiwa kina ushahidi wa miaka mingi. BCG, chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia kovu begani karibu sote, ilianza kutumika kibofuni kufuatia ripoti ya Álvaro Morales wa Kingston, Kanada, mwaka 1976, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1990. Inafaa kwa saratani ambayo bado iko juu juu kwenye utando wa kibofu. Bakteria waliodhoofishwa wanapitishwa kwa mpira, mgonjwa anakaa nao kama saa mbili kabla ya kukojoa, mara moja kwa wiki kwa wiki sita kwa kuanzia. Kinga inakuja kuwapiga bakteria, na katika vurugu hiyo saratani nayo inapigwa. Kwa panya ambao NK zao zimeondolewa tiba hii haifanyi kazi, ndiyo maana naamini NK zina mkono mkubwa humo.

Halafu kuna jambo la chanjo hiyo kwa mtu mzima. Watafiti wa Uholanzi waliwachanja BCG watu wenye afya, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba NK za watu hao, hata miezi mitatu baadaye, zilikuwa zinatoa saitokini zaidi zinapokutana na vijidudu, hata visivyo na undugu na kifua kikuu. Na kule Entebbe, Uganda, watoto 560 waligawanywa kwa kura, wengine wachanjwe BCG siku ya kuzaliwa, wengine wakifika wiki sita. Matokeo ya mwaka 2021: katika wiki hizo sita za kwanza, waliochanjwa mapema waliugua kidogo zaidi magonjwa mengine ya kuambukiza. Hayo hayathibitishi kuwa ni kazi ya NK. Na wale waliokimbilia BCG wakati wa korona wakumbuke kwamba jaribio kubwa kwa wafanyakazi wa afya, lililochapishwa mwaka 2023, halikuona kinga yoyote dhidi ya korona.

Kinachonivuta zaidi, hata hivyo, kiko kwetu. Sitomegalovirusi, ile iliyowafunza NK za panya, ina ndugu yake kwa binadamu. Marekani na Ulaya watu wengi wanafika ukubwani bila kuipata. Afrika Mashariki karibu kila mtoto anaipata mapema, mara nyingi kabla hajatimiza miaka michache. Tangu mwaka 2004 kundi la Miguel López-Botet la Barcelona limeonyesha kwamba mwenye virusi hivi NK zake hubadilika, kundi moja lenye kipokezi cha NKG2C likaongezeka na kubaki hivyo. Maana yake ni kwamba vitabu vinavyoeleza NK "za kawaida" vimeandikwa kwa damu ya watu ambao si sisi. Mali, mwaka 2019, walionekana watu wenye NK nyingi za aina hii iliyozoea mapambano wakiwa na kinga zaidi dhidi ya malaria. Seli hizo hushirikiana na kingamwili kuzipasua chembe nyekundu zenye vimelea. Lakini Kisumu, mwaka 2018, iliripotiwa sura nyingine: watoto wenye uvimbe wa Burkitt, ile saratani ya taya ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Kampala mwaka 1958, walikuwa na NK nyingi zilizopoteza alama ya CD56 na zisizo na nguvu ya kuua. Malaria ya mara kwa mara pamoja na virusi vya Epstein-Barr huenda ndivyo vilivyozifikisha hapo. Kwa hiyo maisha yale yale ya kupambana utotoni yanaweza kumwachia mmoja askari mzoefu na mwingine askari aliyechoka, na bado hatujui njia zinaachana wapi. Mtafiti kijana wa Kisumu, Entebbe au Bagamoyo yuko karibu zaidi na jibu hilo kuliko mimi niliyekaa Ohio.

Nina ombi moja kwa wataalamu wa lugha, maana nimehangaika nalo tangu nianze kuandika. "Seli muuaji wa asili" inanikwaza: muuaji ni mtu, tena mwovu, na mgonjwa akiambiwa tutakutia wauaji mwilini anaweza kutoka mbio. Nimefikiria "seli uaji asilia", nikaona imekauka. Bibi mmoja wa Lamu niliyemweleza kazi ya seli hizi alisema papo hapo, "Hao ni walinzi wa zamu," na ninaona yuko karibu na ukweli, ila mlinzi wa zamu wa kwetu haui, anapiga filimbi. Na hii ya saitokini tuiite kumbukumbu kweli, au tuseme "mazoea"? Mwenye neno atupe.

Wenu, kutoka Columbus.